Treni, ngazi, kujitosa au kidonge: ulinganisho kwa anayeiogopa Kitonga

Anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam lazima aushuke mteremko wa Kitonga. Ukishapita Iringa na Ilula, barabara kuu inaziacha nyanda za juu kwa kona zinazofuatana, mwamba upande huu na bonde upande ule, mpaka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na vitunguu. Malori ya Tunduma nayo yamo humo humo, yanayopanda yakijikokota na yanayoshuka yakilia breki. Abiria wengi wanapita wamelala. Wapo wachache ambao, tangu siku walipoona ajali au basi lao lilipoyumba, au hata bila kisa wanachoweza kukitaja, wanaanza kutokwa jasho Ilula. Wengine jasho linaanza siku ya kukata tiketi.

Makala hii ni ya hao wachache. Nimeichukua Kitonga kwa sababu tunaijua sote, ila mambo ni yale yale kwa anayeogopa Mlima Nyoka, lifti, au kusimama mbele ya usharika kusoma neno. Njia zilizopo ni nne: kukwepa, kupanda ngazi pole pole, kujitosa mara moja, na kumeza kitu. Kila moja ina watu inaowafaa.

Swali la kutangulia

Unachokiogopa ni hatari, au ni hofu yenyewe? Dereva anayelipita lori kwenye kona ni hatari. Mwendo wa mwisho wa mabasi ya abiria hapa nchini ni kilomita 80 kwa saa, na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, inayafuatilia kwa vifaa vilivyofungwa ndani. Abiria anayempigia kelele dereva, anayewapigia simu trafiki, au anayeshuka kituo kinachofuata hajashindwa na woga. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na hapo kunguru ana haki. Yanayofuata yanamhusu mtu ambaye basi lake ni zima, dereva wake mtulivu, na bado moyo unataka kutoka kifuani.

Vigezo

Nitazipima njia zote nne kwa mambo matano: nafuu unayoipata siku ile ile, hofu inavyokuwa baada ya miezi, gharama, pamoja na zile zisizoandikwa kwenye tiketi, namna njia inavyoharibika ikitumiwa vibaya, na nani inamfaa.

Kwangu kigezo cha pili ndicho kizito kuliko vyote, na sitajifanya sina upande. Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Marekani, O. Hobart Mowrer, alieleza kwamba hofu ya namna hii hujengwa kwa hatua mbili. Kwanza mwili unaunganisha kitu na tishio: kona na ajali. Kisha mtu anapoikimbia kona, wasiwasi unashuka ghafla, na kule kushuka ndiko kunakokuwa ujira. Mwili umelipwa kwa kukimbia, kwa hiyo safari ijayo utakimbia mapema zaidi. Na kwa kuwa hukufika kwenye kona, hukuona kwamba basi lingepita salama. Hofu inabaki na ushahidi wa zamani tu, haipati mpya.

Kukwepa

Nafuu ya siku ile: hapa hakuna mshindani. Ukisema tu "siendi", mabega yanashuka. Na sisi wa Mbeya tuna namna za heshima za kukwepa. Treni ya TAZARA, kwenye reli ya Tanzania na Zambia ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inaachana na barabara kuu Makambako na kushukia Mlimba na bonde la Kilombero. Kitonga haiioni kabisa. Inapita kwenye mahandaki lakini, kwa hiyo anayeogopa giza asije akasema sikumwambia. Tangu 2012 upo pia uwanja wa ndege wa Songwe. Mtu wa Iringa hali yake ni ngumu zaidi: treni haifiki kwake, na akisema azungukie Mtera na Dodoma anakutana na mteremko wa Nyang'oro.

Baada ya miezi ndipo hesabu inapogeuka. Chukua mfano wa mama mwenye duka la vitenge Mwanjelwa aliyezoea kufuata mzigo Kariakoo mwenyewe. Kwanza anaacha mabasi ya Dar. Anatuma hela kwa wakala, mzigo unakuja kwa lori. Hapo hakuna anayeona tatizo. Kisha harusi ya Iringa inamshinda, ingawa ukitokea Mbeya Iringa iko kabla ya Kitonga, kwa sababu mwili uliotishika hausomi ramani. Kisha kosta ya Tukuyu. Mwaka unaisha akiwa ni mtu wa bajaji, Mwanjelwa na Soweto basi. Hakuna siku aliyokaa akaamua hivyo. Kila hatua ilikuwa ndogo na kila moja ilikuwa na sababu nzuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo uko kila mahali.

Gharama zake ni nauli ya ndege, au kuisubiri treni ambayo haiondoki kila siku, au wakala anayekuchagulia vitenge ambavyo wewe usingevigusa. Ongeza misiba uliyoihudhuria kwa kutuma rambirambi kwenye simu. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoijutia wakikaa kuzungumza kwa utulivu.

Inapoharibika zaidi ni pale inapojificha. Mwaka 1991 Mwingereza Paul Salkovskis aliandika kuhusu tabia za kujikinga ambazo mtu mwenye hofu huzitumia akiwa ndani ya jambo lenyewe analoliogopa. Tafsiri yake ya Kitonga ni hii: umo ndani ya basi, lakini umevuta pazia. Umechagua basi la usiku, maana tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, ili usilione bonde. Umekaa kiti cha korido, simu masikioni, mkono umemshika jirani. Unapita salama, lakini sifa zote zinakwenda kwa pazia. Nadhani hili ndilo linalowachanganya wengi wanaosema "mimi nimepita mara nyingi na bado naogopa". Walipita, ila hawakuwepo.

Sala siihesabu humo. Mabasi mengi huombewa kabla hayajatoka stendi na ni jambo jema. Inageuka kinga ya namna ile pale tu mtu anapoamini kwamba akiruka neno moja basi litapinduka.

Kukwepa kunamfaa nani, basi? Mtu aliyetoka kuumia juzi na bado ana bandeji. Mjamzito au mgonjwa ambaye daktari amemshauri asisafiri. Mtu anayepita njia hiyo mara moja katika miaka mingi na haimpunguzii kitu. Na kuna mpenda treni tu, ambaye si mkwepaji hata kidogo. Kipimo nilichonacho ni swali: kama hofu ingeondoka usiku huu, kesho ungekata tiketi gani? Kama jibu ni treni ile ile, panda treni kwa amani.

Kupanda ngazi

Hii ndiyo njia yenye historia ndefu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, wa Marekani, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aliyepewa jina la Peter, aliyeogopa sungura: sungura alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda, mpaka mwishowe akamgusa mwenyewe. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewahi kuwahudumia askari walioharibiwa na vita, akaipangia utaratibu katika maandishi yake ya 1958: orodha ya vitisho kuanzia chepesi hadi kizito, na mtu haendi cha pili kabla hajakizoea cha kwanza.

Ngazi ya mtu wa Mbeya inaweza kuwa hivi. Kukaa nusu saa ndani ya basi lililosimama Stendi Kuu, kwa ruhusa ya konda na kwa uvumilivu wa wapiga debe. Daladala hadi Uyole. Kosta inayopita Mlima Nyoka hadi Inyala na kurudi. Tukuyu, ambako kona zipo lakini mandhari inakusaidia. Makambako na kurudi siku hiyo hiyo. Iringa, ukalale huko. Ndipo Kitonga yenyewe, kwa basi la alfajiri linalofika pale mchana, kiti cha dirishani, pazia wazi. Wa Iringa ngazi yake ni fupi lakini ina vidato virefu: Ipogolo, Ilula, Ruaha Mbuyuni.

Nafuu ya siku ile haipo; tuseme ukweli. Kila kidato kitakutoa jasho, ila jasho unalolimudu. Hapa daftari dogo linasaidia kuliko ushauri wa watu kumi. Kabla ya kuondoka andika unachotabiri kitatokea: "nitazimia", "nitapiga mayowe wanishushe". Andika na ukubwa wa hofu, kutoka 0 hadi 10. Ukirudi andika kilichotokea kweli. Wanaoogopa kuzimia wajue kwamba hofu ya ghafla kwa kawaida hupandisha mapigo na shinikizo la damu, na kuzimia huja shinikizo likishuka. Ndiyo maana wanaozimia kwa hofu ni hasa wale wanaoogopa damu na sindano, ambao shinikizo lao hushuka. Lile wimbi la ghafla nalo hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha huanza kupungua, hata usipofanya lolote. Kutofanya lolote ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya miezi hofu inapungua, na hata ikichungulia tena haikukuti mikono mitupu. Zamani walimu wa njia hii walisisitiza kubaki mahali mpaka hofu ishuke. Watafiti wa karibuni, Michelle Craske, Mwaustralia aliyefanyia kazi Marekani, akiwa mmoja wao, wanasisitiza zaidi mshangao: ulitabiri mabaya, hayakutokea, na mwili ukayaona hayajatokea. Ndiyo maana inashauriwa kubadilisha mazingira. Pita na kampuni nyingine ya basi, kaa mbele na nyuma, pita siku ya jua na siku ya manyunyu, panda na ushuke. Hofu iliyozimwa kwenye basi moja tu na kiti kimoja tu hupenda kurudi ukibadilisha kiti.

Gharama ni nauli za kwenda mahali ambako huna shughuli, jambo ambalo wenzio nyumbani watalicheka. Ongeza wiki kadhaa, pengine miezi. Huharibika kwa namna mbili kubwa: mtu anaweka vidato vidogo mno na kuzunguka Uyole milele, au anateremka katikati ya wimbi na hivyo kumlipa tena yule mkimbiaji wa ndani. Ukilazimika kushuka, panda linalofuata.

Inamfaa mwenye muda, mwenye nidhamu ya kujipangia, na hasa ambaye hofu yake imeshasambaa hadi kwenye safari fupi.

Kujitosa

Kesho asubuhi, dirishani, hadi Dar. Wapo wanaofanya hivi na wakafanikiwa, na si bahati tu. Mwaka 1989 Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza tiba ya kikao kimoja kwa woga wa kitu mahususi, kama buibui au sindano. Kikao kinaweza kuchukua muda wa hadi saa tatu, na mtaalamu yuko naye muda wote, akimwongoza hatua baada ya hatua kwa ridhaa yake. Yaani hata huko ni ngazi, ila imepandwa kwa mkupuo.

Nafuu ya siku ile: hakuna asubuhi, kubwa mno jioni. Anayeshuka Dar akiwa ameiangalia Kitonga kona kwa kona anatembea kifua mbele. Baada ya miezi inategemea kama alirudia. Safari moja ni ushahidi mmoja, na kumbukumbu ya ajali ina ushahidi wake. Gharama ni ndogo kuliko zote: tiketi moja.

Ila ikiharibika inaharibika vibaya. Mtu akifika Ilula wimbi likamzidi, akamsihi konda, akashushwa na begi lake barabarani, mwili umejifunza somo la Mowrer kwa ukubwa wake wote: nimekimbia, nimepona. Mbaya zaidi ni kujitoswa na wengine, mume au kaka anayekuambia tunakwenda Makambako tu, kumbe tiketi ni ya Dar. Huko si kukabili hofu. Anachoongeza ni kukufundisha usimwamini.

Inamfaa ambaye hofu yake ni moja na haijasambaa, afya yake ya moyo haina mashaka, na ameamua mwenyewe. Akiwa na mtu mtulivu pembeni, asiyempigia soga za kumsahaulisha, ni bora zaidi.

Kumeza kitu

Kuna makundi mawili hapa na watu huyachanganya. Kundi la kwanza ni vya kutuliza haraka, kama diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Nafuu ya siku ile inaweza kuja ndani ya saa moja. Baada ya miezi, hasara: mwili unazoea, unadai zaidi, na kuacha ghafla baada ya kutumia kila siku kwa muda mrefu ni hatari. Tena kidonge ni pazia lililomezwa, maana ulipita Kitonga ukiwa umezimwa nusu, na sifa imekwenda kwenye kidonge. Kikichanganywa na pombe kinaweza kudhoofisha pumzi. Na bia mbili za stendi kabla ya safari, ambazo hakuna anayeziita dawa, kazi yake ni hiyo hiyo.

Kundi la pili ni dawa za kila siku kama fluoksetini, anazoandika daktari. Hazifanyi kitu siku ile. Huchukua wiki kadhaa. Zinampunguzia mtu wasiwasi wa jumla kiasi cha kuweza kuanza ngazi, na hazileti utegemezi wa aina ile ya diazepamu, ingawa nazo haziachwi ghafla. Gharama yake ni dawa zenyewe na kurudi kliniki. Njia hii inaharibika mtu anapozinunua dawa dukani kwa jina alilotajiwa na jirani. Inamfaa mwenye wasiwasi unaomfuata hadi kitandani na kazini, au mwenye huzuni nzito pamoja na hofu, na si yule ambaye tatizo lake ni kona tu.

Kwa hali yako

Msiba ni kesho kutwa, Morogoro, na huwezi kukosa. Si wakati wa kujenga ngazi. Nenda kwa njia unayoweza, hata kwa pazia, hata kwa treni kama ratiba inakubali, na usijilaumu. Ngazi ianze ukirudi, mapema, kabla ile safari haijageuka kuwa desturi.

Huna safari ya lazima kwa miezi kadhaa. Hapo ngazi ina nafasi nzuri kuliko njia nyingine, hasa kama umeshaanza kukataa na safari fupi. Kama bado unakwenda Tukuyu na Makambako bila shida na Kitonga peke yake ndiyo inayokushinda, unaweza kufikiria kujitosa, ukipanga kurudia ndani ya mwezi huo huo.

Ulikuwa ndani ya ajali yenyewe. Wiki za kwanza ndoto mbaya na kushtuka ni kawaida, na kwa wengi hupungua zenyewe. Kwa kipindi hicho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, linashauri watu wasipewe dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya dalili hizo katika mwezi wa kwanza. Ukipita mwezi na bado ajali inajirudia mbele ya macho, usijitengenezee ngazi peke yako. Nenda kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au hospitali ya rufaa ya mkoa kwa walioko Iringa, uongozwe. Tiba inayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu kwa mpangilio ipo, Edna Foa na wenzake wameiendeleza tangu miaka ya 1980, lakini inahitaji mkono uliofundishwa.

Si wewe, ni mwenzio nyumbani. Usimvute, na usimnunulie tiketi ya ndege kila mara. Muulize yuko kidato cha ngapi wiki hii, ukae naye kwenye basi lililosimama, na akiomba mshuke, mwambie mnasubiri dakika tano kwanza.

Wewe ni dereva au utingo, na hofu imekukuta kazini. Hapa masharti yanabadilika, kwa kuwa nyuma yako kuna watu. Usishike usukani ukiwa umemeza cha kutuliza, na usijitose na abiria 60. Mwombe tajiri akuweke njia fupi kwa muda, Mbeya na Njombe kwa mfano. Kitonga ishuke kwanza ukiwa kiti cha abiria, pazia wazi, kisha uendeshe mchana gari likiwa tupu na mwenzako mzoefu pembeni. Abiria wawe kidato cha mwisho.